Kivumbasi cha Mlimani na Kivumbasi cha Mtoni

Kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Nyamongo, Mokami alikuwa amekwisha kuwasha moto. Sufuria lake kubwa lilikaa juu ya mafiga, hatua chache kutoka kwenye mashimo ya dhahabu. Wachimbaji walimjia mmoja mmoja, vumbi jekundu limewajaa hadi kwenye kope. Walikuwa watu wa kila mahali. Kuna waliotoka Musoma, kuna waliotoka Shinyanga, na kuna waliovuka mpaka pale Sirari. Ulikuwa mwaka wa tisini. Habari za dhahabu zilikuwa zimeenea kama moto wa kiangazi, na kila aliyezisikia alikuja na sururu begani.

Wanawake wengi waliuza chai mahali pale. Lakini foleni ndefu ilikuwa kwa Mokami. Kabla ya kuepua sufuria, yeye alitia ndani majani machache ya kivumbasi. Kivumbasi ni mmea wa porini wenye harufu nzuri. Hicho alichochuma Mokami kilifika kifuani kwa mtu mzima, na majani yake yalinukia kama karafuu. Mama yake ndiye aliyemfundisha kukichuma. Wachimbaji walisema chai ile inafungua kifua kilichojaa vumbi. Wengine walisema ni tamu tu, basi. Mokami hakubishana na mtu. Alimimina na kucheka nao, na watu wakamzoea kwa jina la Mama Nashoni, kutokana na jina la kijana wake wa kwanza.

Mume wake, Magige, alikuwa mmoja wa wachimbaji. Asubuhi aliteremka kwa kamba ndani ya duara, ndilo shimo refu la kuchimbia. Jioni alipanda. Siku chache alipanda na punje ya dhahabu. Siku nyingi alipanda na uchovu.

Siku moja alikuja pale mzee mwenye kofia nyeupe. Aliitwa Mzee Shaaban, muuza viungo wa Mugumu, ng'ambo ya mto Mara. Baba yake alitoka pwani zamani akafungua duka Mugumu, naye mwana akalirithi. Mokami alimwamkia shikamoo, akampa kikombe. Mzee alikunywa, akaomba cha pili, kisha akauliza ndani ya chai mna nini. Mokami alimwonyesha majani bila kuficha. Kabla ya kuondoka, mzee aliagiza magunia mawili ya majani makavu, na akasema yakiwa mazuri ataagiza mengine kila mwezi.

Mokami alifurahi sana. Lakini magunia mawili ya majani makavu si mchezo. Jani bichi likikauka hubaki kitu kidogo. Akawaomba wanawake wanne wamsaidie kuchuma, kiongozi wao akiwa Bernadetha. Aliwapa tawi moja, akawaambia walete yanayofanana na lile. Kisha akarudi kwenye sufuria lake, maana wateja walikuwa wanamngoja.

Wanawake walichuma mtoni, wakachuma mlimani, wakachuma kando ya njia. Walianika, wakakusanya, wakashindilia. Zamani Mokami alikuwa ananusa kila tawi kabla ya kulikata. Safari hii hakuwa na nafasi. Magunia yalishonwa bila yeye kutia mkono ndani.

Alipofika Mugumu, Mzee Shaaban alimwaga majani juu ya turubai mbele ya duka lake. Akapiga magoti, akaanza kuyatenga kama mtu anayechambua mchele. Upande mmoja aliweka majani madogo ya rangi iliyoiva. Upande wa pili aliweka majani mapana, yaliyopauka, mepesi kama karatasi. Wenye maduka ya jirani walisogea kutazama.

"Haya madogo ndiyo kivumbasi," alisema. "Haya mapana ni majani ya porini. Umenijazia gunia."

Mokami alimweleza kwamba yote ni kivumbasi, na kwamba yeye hajawahi kumdanganya mteja. Mzee alitikisa kichwa. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Mokami zaidi.

"Mama, mimi nimezaliwa ndani ya viungo," alisema. "Karafuu ni karafuu, iliki ni iliki. Kitu kimoja kina sura moja."

Akachukua madogo, akamrudishia mapana. Akamwambia mwezi ujao alete madogo peke yake. Mokami alirudi na gunia lake huku watu wakimtazama. Njia nzima kwenye lori alilipakata magotini. Aibu ni mzigo usiopungua hata ukibadilisha bega.

Magige alisikiliza habari ile mpaka mwisho. Kwake jambo lilikuwa jepesi. Mnunuzi anataka madogo, basi achumiwe madogo. Mokami aliona mumewe hajaelewa. Kilichomkaa rohoni hakikuwa gunia. Ni neno lile, kwamba amejaza gunia.

Asubuhi yake alilibeba gunia lile hadi nyuma ya nyumba, shimo la takataka lilipo. Jirani yake Felista alikuwa anaanika nguo. Akamwona, akaziacha nguo.

Felista alikuwa mke wa mwalimu wa shule ya msingi. Kwao ni Natta, karibu na mapori ya akiba. Kabla ya kuolewa alifanya kazi miaka sita na wataalamu waliokuwa wanakusanya mimea kule. Kazi yake ilikuwa kukata tawi, kulikandamiza katikati ya magazeti mpaka likauke, na kuandika lilitoka wapi na lilikuwaje. Hakuwa mwepesi wa maneno. Ukimuuliza kitu, alikushika mkono akakupeleka ukakione mwenyewe.

Alichukua jani moja pana, akalisugua kwenye kiganja, akalinusa.

"Mama Nashoni, mbona unatupa kivumbasi?"

Mokami alimweleza yote. Felista aliuliza swali moja tu.

"Huyo mzee alinusa, au alitazama?"

Mokami alifikiri. Akakumbuka zile dakika zote juu ya turubai. Mzee hakunusa hata jani moja. Alikuwa na uhakika na macho yake.

Felista akamuuliza kama ng'ombe wa baba yake walikuwa wa rangi moja. Mokami akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana. Mkurya gani asiyejua ng'ombe. Alimtajia mwekundu, mweusi, wa kijivu, na yule mwenye madoa aliyependwa na watoto wote.

"Yule wa madoa, kiangazi kikiwa kikali, anakuwaje?" Felista aliuliza.

"Anakonda."

"Na madoa yake?"

"Madoa hayaendi popote. Ndivyo alivyozaliwa."

"Basi na mimea iko hivyo hivyo," Felista alisema. "Kuna tofauti inayoletwa na malisho, na kuna tofauti ya kuzaliwa. Twende ukaone."

Walianza kwenye kijito kinachoteremka kwenda mto Mara. Walipita mbali na mahali wachimbaji wanapooshea mchanga, kwa sababu Felista alisema penye zebaki ya kunasia dhahabu usichume kitu cha kutia mdomoni. Juu zaidi, chini ya kivuli cha miti, kivumbasi kilikuwa kirefu. Majani yake yalikuwa mapana kama kiganja cha mtoto, laini, mepesi. Felista alieleza kwamba kivulini mwanga ni mdogo, hivyo mmea hutandaza jani lake ili upate wa kutosha. Udongo wa mtoni nao una maji, hivyo mmea hauogopi kuyapoteza.

Kisha walipanda mlimani. Huko jua lilipiga mawe kutwa nzima. Kivumbasi cha mlimani kilikuwa kifupi, na majani yake yalikuwa madogo, manene, magumu kidogo. Mmea wa mahali pakavu hupunguza jani ili usipoteze maji. Baadhi ya vichaka vilikuwa na shina la kijani. Vingine, vilivyoota penye mawe yaleyale, vilikuwa na shina la zambarau.

Mokami alikuwa ameviona vichaka vile maisha yake yote. Hakuwahi kuviweka pamoja kichwani. Sasa alishika tawi la mtoni mkono mmoja na tawi la mlimani mkono wa pili. Felista alimwambia apapase mashina. Yote mawili yalikuwa na pembe nne. Akamwambia atazame majani yanavyotoka. Kwenye matawi yote mawili yalitoka mawili mawili, yakitazamana. Maua madogo meupe yalipangwa ngazi kwa ngazi juu ya kikonyo, huku na huku. Akasugua majani ya huku, akasugua ya huku. Karafuu, na karafuu.

"Ukubwa wa jani ni kama unene wa ng'ombe," Felista alisema. "Unakuambia amekula wapi. Haukuambii yeye ni nani."

Mokami alisimama pale mlimani, moyo ukarudi mahali pake. Hakuwa amejaza gunia. Mama yake hakumfundisha vibaya.

Lakini walipoteremka, Felista alisimama kando ya njia. Palikuwa na vichaka vifupi vya kufika gotini, majani madogo, shina la pembe nne, maua ya ngazi. Mokami alisema hicho ni kivumbasi kichanga. Felista akainama. Alimkatia jani, akampa alisugue.

Harufu ilipanda puani kama dawa ya kuchua. Ilikuwa kafuri tupu.

Felista alimwambia kwamba huu ni mmea mwingine. Ni ndugu wa kivumbasi chao, wa ukoo mmoja, ndiyo maana wanafanana. Watu wengine nao huuita kivumbasi, na jina moja kwa mimea miwili ndilo linaloponza wengi. Si mmea mbaya. Ukiuweka kwenye maharage makavu unafukuza wadudu. Lakini si wa kuchemshia watu chai, kwa sababu ukiwa mwingi unachafua tumbo.

Walibeba mbegu za kila kichaka mpaka nyumbani. Mokami aliweka vikombe vitatu vya maji, na mbegu za kila kichaka zikaingia kikombe chake. Akabandika chai. Hata kabla chai haijachemka, mbegu za mmea wa kafuri zilikuwa zimevaa ute mweupe, kila moja na koti lake, kama mayai ya chura. Mbegu za kivumbasi cha mtoni zilibaki kama zilivyo. Za mlimani pia.

"Macho yanaweza kudanganywa na jani," Felista alisema. "Basi usiulize jani peke yake. Uliza shina, uliza ua, uliza harufu, uliza na mbegu. Ukikosa uhakika, acha."

Mokami alikuwa hasikii tena. Alikuwa anawaza juu ya wale wanawake wanne. Alimwita Bernadetha, akamuuliza kama walichuma kando ya ile njia. Bernadetha alikubali bila wasiwasi. Walichuma sana pale, alisema, maana ni karibu na majani yake ni mazuri, madogo.

Madogo. Mokami alikaa chini. Majani mapana yaliyokataliwa yalikuwa safi. Yale madogo aliyoyachukua Mzee Shaaban kwa kuyasifu, ndani yake mlikuwa na kafuri.

Jioni alimwambia mumewe kwamba kesho anakwenda Mugumu. Magige alishangaa. Yule mzee alimwaibisha mbele za watu. Alichagua mwenyewe, kwa mikono yake. Sasa aende kumwambia nini, ili amwaibishe mara ya pili?

"Majani yale yalitoka mikononi mwangu," Mokami alisema. "Akiugua mtu, hatasema Mzee Shaaban. Atasema Mama Nashoni. Na atakuwa amesema kweli."

Magige aliinuka, akalifunga vizuri lile gunia la majani mapana ili aende nalo. Kesho yake alimsindikiza mpaka kwenye lori.

Nyumbani kwa Mzee Shaaban, Mokami alikuta shughuli. Turubai limefungwa uani, masufuria makubwa yamebandikwa motoni, wanawake wanakatakata vitunguu. Binti wa mzee, Shamimu, alikuwa anaolewa siku hiyohiyo. Mpishi mkuu, Bi Mwantumu, alikuwa ameshika kopo la majani makavu. Mokami alilitambua lile jani kabla ya kufika karibu. Lilikuwa ni kivumbasi chake, tayari kwa chai ya wageni.

Mzee Shaaban alitoka akiwa amevaa kanzu mpya. Alipomwona, uso wake haukufurahi. Alidhani amekuja kugombania gunia. Mokami alimwamkia, kisha akasema bila kuzunguka kwamba ndani ya majani yale kuna mmea mwingine, kosa ni lake, na anaomba yasichemshwe.

Mzee alijibu kwamba aliyachambua mwenyewe. Jani kwa jani.

"Ndiyo, mzee," Mokami alisema. "Uliyachambua kwa macho. Nipe sufuria mbili ndogo na moto."

Wanawake wa jikoni walitazamana. Bi Mwantumu, ambaye hakupenda ubishi siku ya harusi, alisogeza sufuria mbili. Katika ya kwanza Mokami alitia majani mapana aliyokuja nayo, yale yaliyokataliwa. Katika ya pili alitia majani madogo kutoka kwenye kopo. Watu wakasimama wakisubiri.

Maji ya kwanza yalipochemka, mvuke wake ulinukia karafuu, na mtoto mmoja akauliza kama chai iko tayari. Maji ya pili yalichemka. Mwanzoni ilikuja karafuu pia, kwa mbali. Kisha mvuke ulipozidi, kafuri ikapanda, ikafunika yote. Wanawake walirudi nyuma. Kafuri ndiyo inayotumika kumwandaa maiti, na kila aliyekuwa pale aliwahi kuinusa katika siku ya msiba.

Bi Mwantumu alifunika sufuria.

"Harufu hii tunaijua," alisema polepole. "Si ya harusi."

Mzee Shaaban aliinama juu ya sufuria ya kwanza, akanusa. Akainama juu ya ile ya pili, akanusa. Alirudia mara mbili. Mtu aliyezaliwa ndani ya viungo alikuwa anatumia pua yake, na uso wake ulibadilika taratibu. Mwisho alichukua kopo, akalimwaga lote kwenye majivu kwa mkono wake. Akamwomba Mokami akae ale harusi. Chai ya wageni siku ile ilichemshwa kwa majani mapana, na masufuria yalirudi jikoni matupu.

Kesho yake asubuhi, Mzee Shaaban alikwenda dukani pamoja na Mokami, akayatupa majani madogo yaliyobaki. Akawaita walewale wenye maduka ya jirani.

"Siku ile nilisema mbele yenu," aliwaambia. "Leo pia nasema mbele yenu. Huyu mama hakunijazia gunia. Mimi ndiye sikujua."

Mokami alitazama chini, maana hakutaka wamwone anavyotabasamu.

Hata hivyo mzee alikuwa na swali. Aliona ajabu kwamba jani pana na jani dogo ni kitu kimoja. Atajuaje? Mokami alimwambia asubiri mvua ziishe, kisha aje mwenyewe Nyamongo, kwani jibu ataliona kwa macho yake.

Aliporudi, yeye na Felista walilima kitalu nyuma ya nyumba, mahali penye jua. Walikata vipandikizi vya mtoni, vipandikizi vya mlimani vya shina la kijani, na vipandikizi vya mlimani vya shina la zambarau. Wakavipanda katika safu tatu, bega kwa bega. Udongo mmoja, jua moja, maji ya ndoo moja. Felista alisema ukitaka kujua tofauti ya kuzaliwa, uwape wote malisho mamoja. Magige alipita hapo akauliza kwa nini wanapanda kitu kinachoota chenyewe porini. Hakungoja jibu.

Jibu lilimfuata kazini. Mvua zilipokuwa katikati, mtu mmoja alipata dhahabu juu ya ule mlima. Katika wiki mbili mlima ulijaa watu. Vichaka viling'olewa, mawe yalipinduliwa, udongo ulimwagwa kila upande. Magige naye alihamia huko na wenzake. Mokami alipopanda kutazama, hakuona tena mahali aliposimama na matawi yake mawili. Aliona mashimo. Aliteremka akiwa mzito wa moyo. Hakuwa na chuki na wachimbaji, kwa maana mumewe alikuwa mmoja wao. Lakini kitu alichomfundisha mama yake kilikuwa kinaondoka bila hata kuagwa.

Siku hiyo Magige alirudi mapema. Alikuwa amevua shati lake, amelifunga kama furushi. Alilifungua mbele ya mkewe. Ndani mlikuwa na kichaka kizima cha shina la zambarau, mizizi na udongo wake.

"Kilikuwa ukingoni mwa duara letu," alisema. "Wenzangu walitaka kukikata. Nikawaambia hiki ni cha nyumbani kwangu."

Walikipanda pamoja mwisho wa safu ya tatu. Tangu siku ile Magige hakuuliza tena kwa nini kitalu kipo. Alikizungushia uzio wa miiba, ili mbuzi wasikiguse.

Mwezi wa saba Mzee Shaaban alifika. Alisimama mbele ya safu tatu, akavaa miwani. Mokami hakumwambia ipi ni ya wapi. Mzee alipima majani kwa vidole vyake. Safu ya mtoni na safu za mlimani zilikuwa na majani yanayolingana. Yale ya mtoni yamepungua, na yale ya mlimani yamepanuka. Lakini mashina ya zambarau yalikuwa bado ya zambarau, kama vile yalivyokuwa mlimani.

Mzee akacheka mwenyewe. Akavua miwani, akafumba macho, akanusa safu moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye safu ya zambarau alisimama hapo muda mrefu. Akasema hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Felista alikubali kwamba harufu nayo wakati mwingine ni ya kuzaliwa, ingawa mvua ikizidi hupungua. Akasema pia kwamba kuna mengi kuhusu mmea huu ambayo hata wataalamu wake walikuwa bado wanayatafuta. Jambo moja alilisisitiza. Chai ni chai, lakini mama mjamzito, mtoto mchanga na mgonjwa wa muda mrefu wasipewe majani ya porini kama dawa kabla ya kuuliza kituo cha afya.

Kazi ikapangwa upya. Bernadetha na wenzake walijifunza kupapasa shina, kutazama ua, kunusa kila tawi na kuloweka mbegu. Walijifunza kukata theluthi moja ya kichaka na kuacha kilichobaki kichipue. Kila gunia lilijazwa majani ya mahali pamoja, na kwenye kila gunia pakaandikwa mahali yalipotoka. Kivumbasi cha mtoni peke yake, cha bustani peke yake. Mzee Shaaban akawa anawaeleza wateja wake tofauti zile kwa majivuno, kama vile yeye ndiye aliyezigundua, na Mokami hakumkatiza. Wanawake kutoka vijiji vya jirani walikuja kuomba vipandikizi. Aliwapa, mradi kila mmoja aweze kumwonyesha kwanza ni upi wa karafuu na ni upi wa kafuri.

Mwaka ulipokwisha, Felista alipata barua kutoka kwa wataalamu aliofanya nao kazi. Alikuwa amewaandikia juu ya kile kivumbasi cha mlimani. Walimjibu kwamba wanaomba tawi lake moja, lihifadhiwe katika nyumba yao ya mimea mikavu, ambako kila tawi hukaa miaka na miaka ili watu wa baadaye walitazame. Felista alichagua tawi lenye maua na mbegu. Akalikandamiza katikati ya magazeti, juu yake akaweka matofali. Lilipokauka, alitoa karatasi ndogo yenye mistari, akamkabidhi Mokami kalamu.

Mokami alisita. Yeye alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima, na herufi zake zilikuwa kubwa na za kuinamainama. Felista alimwambia anayeujua mmea ndiye anayeuandika.

Mokami akavuta kiti, akaandika taratibu. Kivumbasi. Shina la zambarau, pembe nne. Jani dogo mlimani, pana bustanini. Maua meupe. Harufu ya karafuu. Mbegu haivai ute. Kilitoka mlimani juu ya Nyamongo, ambako sasa ni mashimo. Kinaishi bustanini.

Mstari wa mwisho wa karatasi ulikuwa na neno moja lililochapishwa: Mkusanyaji. Mbele yake palikuwa wazi. Mokami alimwita Magige, akaja na tope mikononi, akasimama nyuma yake bila kugusa kitu. Mokami aliifuta kalamu kwenye kanga, akaandika jina lake lote, Mokami Simioni, na hakuinua mkono mpaka herufi ya mwisho ilipokaa vizuri.